Malalamiko Yasiyo na Salamu

Nyumba ya Pembeni,
Nyuma ya Karakana ya Baiskeli.
Jumamosi, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa Dada Chiriku,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa mahali penye mwanga, na hujaichana bahasha kwa hasira ulipouona mwandiko wangu. Hali yako? Kifua je, kile kilichokuwa kikikubana kila hewa ikibadilika? Kazi inakwendaje? Unakula vizuri, au bado ni yale yale ya chai ya rangi na mkate mkavu kisha unasema umeshiba? Nijibu yote, usiruke hata moja.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ila magoti ndiyo yamegoma kupanda ngazi. Masikio yake makali kuliko yangu. Ukinong'ona jikoni atakujibu akiwa uani. Mke wangu, ambaye hujamwona, anakuamkia. Watoto wetu wawili, ambao nao hujawaona, wanajua kwamba wana shangazi na kwamba anaitwa Chiriku, basi. Mimi ni yule yule Kiroboto. Jina ulinipa wewe na halijanitoka: tangu nianze kuandika nimeshainuka kwenda dirishani, nikarudi, nikainuka tena kufunga bomba ambalo lilikuwa limefungwa, nikarudi. Mke wangu anasema nitatoboa sakafu. Haya, nimekaa.

Salamu nimezitoa zote kama tulivyolelewa. Sasa niache niseme, maana nikizidi kumeza maneno nitapasuka.

Malalamiko yako yamefika.

Yalinikuta kazini. Bado nipo pale pale duka la kuchapa: kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda, vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Nilikuwa nakata kadi za harusi ya watu, simu ikalia mfukoni. Nikasoma kwamba video yangu imeondolewa mtandaoni kwa malalamiko ya hakimiliki. Nikaguna tu, kwa sababu haikuwa mara ya kwanza. Nikashuka chini nione ni nani safari hii. Likatokea jina lako. Majina yako yote matatu, pamoja na lile la katikati unalolificha siku zote, na chini yake mtaa, nambari ya nyumba, mpaka ghorofa.

Dada, hebu fikiri. Miaka yote hii tumekutafuta. Simu yako inatuambia haipatikani, yule rafiki yako wa shule anasema ulihama bila kuaga, barua za Mama zilirudi na mhuri mgongoni. Leo anwani yako naletewa na kompyuta, imeandikwa pembeni ya neno "mlalamikaji". Nilikaa juu ya rundo la karatasi bila kujua nimekaa. Zile kadi nilizikata vibaya, zote zikapoteza nusu ya jina la bibi harusi. Bosi alinifokea, na safari hii alikuwa na haki.

Nilikuandikia barua pepe saa ile ile, kwa anwani iliyokuwa kwenye malalamiko. Likarudi jibu la mashine kwamba ujumbe wangu umepokelewa na utashughulikiwa. Utashughulikiwa! Mimi, mdogo wako uliyenibeba mgongoni, nishughulikiwe kama mfereji ulioziba. Ndiyo maana naandika kwa kalamu. Barua ya kalamu lazima mtu aifungue kwa mkono wake.

Labda hujui nilianzaje shughuli hii, au unadhani nafanya biashara na jasho lako. Nikueleze. Baba alipotutoka, katika chumba chake kulikuwa na karatasi zake za nota, nyingine zimeliwa na mende pembeni, na kaseti za kwaya aliyoiongoza ndani ya kopo la biskuti. Fundi redio wa barabara ya pili alizihamisha kaseti zile kwenye kompyuta. Mimi nikamwomba bosi ruhusa, nikawa nachapa nota saa ya chakula cha mchana, mkono mmoja kwenye kibodi, mwingine kwenye mkate. Kisha nikaziunganisha na sauti. Ukifungua video unaona ukurasa wa nota, na mstari mwekundu unatembea juu yake kufuata wanaoimba. Sauti ikipanda unaiona ikipanda. Sauti ya tatu ikichelewa kuingia, na unajua walivyokuwa wakichelewa wale, unamwona mtu na kosa lake.

Sikutegemea chochote. Lakini watu wakaja. Mwalimu mmoja wa kwaya aliniandikia kwamba hawana kinanda wala vitabu. Wanatundika simu kwenye msumari ukutani, wanasimama mbele yake, wanafuata ule mstari. Nyimbo za Baba, Dada, zile tulizokuwa tukizikimbia tukijificha nyuma ya tangi la maji, sasa zinaimbwa na watu wasiomjua. Siku niliposoma ujumbe ule nilizunguka duka zima nikimwonyesha kila mteja, hata aliyekuja kupiga picha za pasipoti.

Sheria zake sikuzijua, nikajifunza kwa kuumwa. Onyo la kwanza lilikuwa la mashine: kuna kampuni ina wimbo wenye kinanda kama cha kwetu, mashine yao ikasikia vinanda viwili ikadhani ni kimoja. Nililalamika wee, hakuna aliyenisikiliza. Onyo la pili lilikuwa halali yangu. Niliweka wimbo usio wa Baba, nota nimezitoa kitabuni kwa skana, nikadhani kwa kuwa mwenye wimbo alikufa zamani basi hauna mwenyewe. Kumbe aliyetunga ni mmoja, aliyepanga zile sauti nne ni mwingine, waliorekodi ni wengine tena, na aliyechapa kitabu naye yumo. Wimbo mmoja una wenyewe wengi kuliko kiwanja cha urithi. Nikanywea, nikauondoa, nikawaandikia kuomba radhi.

Tangu hapo nilijiapiza: nyimbo za nyumbani tu. Za Baba, kaseti za Baba. Nani atanilalamikia mimi kwa nyimbo za baba yangu? Ndivyo nilivyokuwa nikijigamba mbele ya mke wangu, kifua mbele.

Onyo la tatu ni lako. Na la tatu ndilo linalofunga. Mwisho wa mwezi huu, usipoyaondoa malalamiko, chaneli yote inafungwa, nyimbo zote za Baba na nota zake zote, si ule mmoja tu. Yule mwalimu ataamka atazame msumarini kwake asione kitu.

Nilikasirika, sikufichi. Nikasema moyoni: huyu hakuja kumzika Baba, hakuuliza Mama ana hali gani, lakini kaseti amepata muda wa kuisikiliza. Nikakuita majina ambayo hayaandikiki. Nikatoka nje ya duka, nikaenda hadi kona, nikarudi, nikaenda tena. Muuza magazeti akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia nimeokota. Akaniangalia kama mgonjwa.

Bosi wangu, mwanamke mwenye moyo mzuri ila hana breki, aliposikia akasema nipinge. Kuna fomu ya kupinga, unajaza, unasema mlalamikaji amekosea. "Asiyekuwapo na lake halipo," akaniambia, "yeye alikwenda zake, nyimbo zilibaki na ninyi." Ilinikaa vizuri kichwani siku ile. Mke wangu naye akasema nipinge, lakini kwa sababu yake mwenyewe. Nikipinga, sheria yao inakutaka wewe ujibu. Ukinyamaza, malalamiko yanaanguka. "Atajibu tu," akasema, "na akijibu mtakuwa mnazungumza."

Nisikudanganye, nilivutika. Nilishaifungua fomu. Miaka yote nimekuomba ujibu kwa upole hukujibu, na hapa kuna watu wenye uwezo wa kukulazimisha. Nilijaza jina langu. Nilipofika mahali pa kuandika sababu, nikaona bora nimuulize Mama kwanza.

Mama nilikuwa sijamwambia, Dada. Niliogopa. Maana lazima ujue video ile kwake ilikuwa nini.

Kila asubuhi akimaliza kunywa chai, simu ya mke wangu inaegemezwa kwenye mkebe wa sukari, na Mama anafungua ule wimbo. Huo huo, hataki mwingine. Nota hajui hata moja. Lakini ameshajua ule mstari mwekundu ukifika kwenye ukurasa wa pili, mahali wenzako wote wanaponyamaza, hapo unaingia wewe. Basi mstari ukikaribia, anainua kidole, anasema, "Huyo anakuja." Unaimba kile kipande chako. Ukimaliza anashusha kidole, anaendelea na kazi zake. Hajawahi kulia, hajawahi kusema neno zaidi. Huyo anakuja, basi.

Asubuhi iliyofuata akafungua, kioo kikawa cheusi, maandishi meupe katikati. Akabonyeza, akabonyeza tena. Kisha akaniuliza mimi niliyekuwa navaa viatu, "Amekwenda wapi tena?"

Nilivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia.

Jioni, chakula kikiwa bado jikoni, nikaketi mbele yake nikamwambia yote. Nikamwambia video imeondolewa na wewe mwenyewe unayeimba. Nikadhani ataumia. Akashika shavu, akasema nimsomee. Nikamsomea malalamiko yako yote, neno kwa neno, na yale maneno yao ya kisheria yasiyokwisha: mimi niliyetia sahihi hapa chini, kwa nia njema, nathibitisha kwamba. Alisikiliza kama anayesikiliza habari za mgonjwa. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Mbona hajasalimia?"

Nikamweleza kwamba hii ni fomu, Mama, haina mahali pa salamu. Akasema, "Fomu gani isiyo na mahali pa salamu?" Kisha akasema, "Soma tena pale penye jina lake." Nikasoma. "Na anapokaa." Nikasoma mtaa, nambari, ghorofa ya tatu. Akatikisa kichwa akasema ghorofa ya tatu ni juu, magoti yake hayawezi, lakini pana hewa nzuri kwa kifua chako. Hapo ndipo mimi nilipolia, si yeye.

Sasa nifike kwenye lile uliloliandika, maana ndilo lililoniondolea usingizi. Ulisema mambo mawili. La kwanza, sauti ile ni yako na hukutoa ruhusa. Sawa. La pili likanichoma: kwamba kile kipande cha ukurasa wa pili, so, la, so, mi, na yote yanayofuata, hakikutungwa na mtu aliyeandikwa pale juu. Kwamba ni chako.

Nikasema huu ni uongo wa mchana kweupe. Wimbo ni wa Baba, nani asiyejua? Nikaenda kwenye karatasi yake, ile ile niliyoichapa kwa mkono wangu. Dada, pale kwenye kipande chako Baba ameandika alama ya kunyamaza. Kwenye mstari wa sauti ya pili hakuna nota hata moja, ni kunyamaza tu mpaka mwisho wa sentensi. Nikakumbuka vizuri nilichofanya. Nilipokuwa nachapa, karatasi ilisema nyamaza na kaseti ilikuwa inaimba. Nikafuata kaseti. Nikaandika nota zako moja moja kwa kusikiliza, nikazipanga vizuri, nikaweka juu yake "Mtunzi: Baba". Nikajiona fundi.

Unakumbuka maneno ya kwaya baada ya kurekodi? Kwamba Chiriku aliingia kabla ya wakati, hajui kuhesabu, ametuharibia kaseti. Walikutania mwaka mzima. Mimi nami nilikutania, nilikuwa nikikupigia makofi ya kuhesabu kila ukipita, moja, mbili, tatu, na ulinirushia ndala. Wewe ndiwe uliyekosea. Kisha miaka ikapita, kosa lako likapendwa, kwaya nyingine zinaliimba, watu wananiandikia kwamba ukurasa wa pili ndio utamu wote wa wimbo. Na mimi nikampa Baba. Lilipokuwa kosa lilikuwa lako, lilipokuwa tamu likawa la Baba. Mimi mwenyewe nikikaa mahali pako, haki ya Mungu, ningelalamika, na si kwenye fomu moja.

Nikamrudia Mama. Alikuwa anakunja nguo. Nikamwimbia kile kipande, kwa sauti yangu hii ya chura, nikamuuliza ni cha nani.

"Si cha baba yako," akasema, wala hakuacha kukunja. "Hiyo ni ya kumwitia Chiriku."

Ala! Dada, nimeiandika nota ile kwa mkono wangu, nimeisikia kila asubuhi juu ya meza yangu, na sikuitambua. Umesahau Baba alivyokuwa akituita? Majina hakuyatumia. Alisimama mlangoni akaimba. Wewe ulikuwa na so, la, so, mi, tamu, yenye kuzunguka. Mimi nilikuwa na do, do, do, kama mtu anayegonga bati, na nikichelewa anaongeza do nyingine kwa hasira. Niliona wivu kwa ajili ya ile ya kwako hata nikaacha kuisikia, nadhani.

Mama akaniambia ulikuwa ukiirudia wakati wa kuanika nguo, unaivuta, unaipandisha, unaiongezea mkia, mpaka ikawa wimbo kamili. Akasema Baba alikuwa akiacha kalamu anakusikiliza dirishani, wewe hujui. Nikamuuliza mbona hakusema siku zote hizo. "Nani aliniuliza?" akasema. Nikampa ile methali ya bosi, kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Akanitupia soksi. "Lake lipo. Kwani kila asubuhi ulikuwa unamsikia nani?"

Bado sikutulia. Jana nikaenda kwa Mzee Besi, unamkumbuka, yule aliyekuwa akisimama nyuma yako na kukohoa kwenye kisogo chako. Amezeeka, ila sauti iko chini vile vile, akisalimia vikombe vinatikisika. Nikamuuliza habari ya siku ya kurekodi. Akacheka. Akasema alikuwa nyuma yako, aliona yote. Ulivuta pumzi wakati wa kunyamaza. Baba akakuona. Mkono wake ulikuwa umeshikilia watu wote kimya, akaugeuza kidogo, kiganja juu, kuelekea kwako, vile anavyofanya kumkaribisha mtu. Ndipo ukaingia. "Chiriku hakukosea," akasema Mzee Besi, "aliruhusiwa. Tuliokuwa tukimtania tulikuwa hatutazami mwalimu."

Nikamuuliza kwa nini Baba hakutamka lolote baadaye. Mzee akasema baba yenu aliweza kuisifu sauti kwa mkono tu, mdomo wake ulikuwa haujui. Sijui kama hilo linakutosha. Mimi halijanitosha. Mtu akikaribishwa kwa kiganja kisha aachwe achekwe mwaka mzima, hata mimi ningepanda gari nikaenda mbali. Nilikuwa sijui kwamba ndicho ulichoondoka nacho, na pengine sicho, pengine nabahatisha tu. Niambie.

Basi nimeamua hivi. Fomu ya kupinga nimeifuta. Sitakupinga. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Bosi ameshachukua lake, mwache alime peke yake. Siwezi kutumia watu wa kompyuta kukufungua mdomo, hata kama mke wangu amehesabu vizuri. Ukijibu, jibu kwa sababu umetaka.

Nota nimezichapa upya, na nimezitia humu ndani. Utaona ukurasa wa pili, juu ya kipande chako, nimeandika "Sauti hii imetungwa na", kisha nikaacha nafasi. Sikujua unataka liandikwe jina gani: Chiriku, au yale matatu ya kwenye fomu, au hutaki lolote. Jaza mwenyewe. Wimbo hautarudi mtandaoni mpaka useme urudi, na ukisema usirudi hautarudi. Tena nitaandikia kila kwaya niliyo na anwani yake niwaambie ukurasa wa pili ni wa nani. Hilo nitalifanya hata ukininunia mpaka mwisho wa dunia.

Chaneli ikifungwa, ifungwe. Nasema hivyo kwa mdomo, Dada, lakini moyo unaruka. Nyimbo nyingine hazina kosa lolote kwako, na Baba hana mahali pengine anapoimbwa. Nakuomba, ukiweza, uyaondoe malalamiko kabla ya mwisho wa mwezi. Nimelipia barua hii iende kwa njia ya haraka. Lakini sikukuandikia kwa ajili ya chaneli tu, na ukiamua ifungwe bado nataka majibu ya kifua, na kazi, na chakula.

Kuna jambo moja nilitaka nikufiche, mke wangu amenikataza kulificha. Nakala ya ule wimbo ninayo kwenye kompyuta ya kazini. Nilimwambia Mama nitamletea ausikilize hapa ndani, hakuna atakayejua, hakuna sheria inayoingia hadi kwenye mkebe wa sukari. Akakataa. "Mwenyewe amesema hajatoa ruhusa," akasema. "Nitamsubiri aitoe." Nimebembeleza, nimenuna, nimemwambia ni mkaidi. Hataki. Katika dunia nzima yenye watu wanaonakili kila kitu, anayeiheshimu hakimiliki yako ni mama yako peke yake, na ndiye aliyeizaa hiyo sauti.

Kwa hiyo sasa asubuhi, baada ya chai, ananiita nikiwa navaa viatu nimsomee malalamiko. Yale yale, ya nia njema na sahihi. Kidole anakiinua tunapokaribia mwisho, penye jina lako. Nami nasoma. Nimekuwa nachelewa kazini kwa kusoma mashtaka yangu mwenyewe.

Mama anakusalimu sana. Mke wangu anakusalimu, na anasema akikuona atakuuliza siri zangu za utotoni, kwa hiyo ukija usije na kumbukumbu nzuri. Watoto wanamsalimu Shangazi Chiriku. Mdogo ameshajifunza ile so, la, so, mi, anaiimba mlangoni akimwita paka, samahani kwa hilo. Mzee Besi anakusalimu, na anakuomba radhi kwa kukohoa. Bosi naye, ingawa alitaka tukushinde, anakusalimu.

Mungu akulinde huko uliko, akupe hewa ya kutosha kifuani, na akutunze mpaka tuonane, ngazi zako au mlango wetu, popote patakapokuwa karibu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye hata ukinifungia duka,

Kiroboto.

Nyongeza: Nilikuwa nagundisha bahasha Mama akanizuia. Amesema niongeze maneno yake, kama alivyoyasema, nisiyapambe: kama unataka kutushtaki tena, tushtaki, hakuna ubaya, angalau tutajua uko hai. Ila safari hii uanze na salamu.